Mgeni wa Kiingereza Aanzie Ofisi ya Walimu

Kuanzia Juni mpaka Agosti, ukipita stendi ya Moshi asubuhi utawaona vijana wa kigeni wakipanda daladala na vifurushi vya kalamu za rangi, mipira na vitabu vya picha. Si wapanda mlima hawa. Wanakwenda shuleni kufundisha Kiingereza bila mshahara. Wanatoka Ujerumani, Uingereza, Denmark na Marekani. Wengi wana miaka 19 au 20, na wengi wamejilipia kila kitu: nauli ya ndege, chumba, chakula, na ada ya kampuni iliyowaunganisha na shule. Mtu akiiacha likizo yake akaja kukaa na watoto wa watu asiowajua, anastahili shukrani, na shukrani hiyo naitoa kwa moyo mmoja kabla sijasema neno lingine.

Neno lenyewe ni hili. Tunampokea mgeni huyu vizuri, tunampa kiti, watoto wanamwimbia, halafu tunampeleka mahali pasipo pake. Tunamkabidhi chaki na darasa la watoto 80. Kazi anayoiweza, na ambayo shule zetu zinaihitaji sana, haipo mbele ya ubao ule. Ipo ofisi ya walimu.

Tuelewane kwanza kwa nini jambo hili ni zito. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kuwa uamuzi ule ulilijenga taifa. Kiingereza kinafundishwa kama somo. Lakini mtoto huyo huyo akivuka kwenda kidato cha kwanza, mambo yanageuka ndani ya likizo moja: jiografia kwa Kiingereza, baiolojia kwa Kiingereza, hata hisabati aliyokuwa akiipenda sasa inamjia kwa Kiingereza. Shule zimeweka kozi ya awali ya kumzoesha, ila wiki chache haziwezi kuziba pengo la miaka yote ya msingi. Mwalimu Nyerere aliwahi kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na mzazi wa leo hahitaji kuambiwa mara mbili. Mwenye uwezo anampeleka mwanawe inglishi midiamu. Asiye na uwezo anabaki na shule ya serikali, ile ambayo mitaani tumeibandika jina la kayumba, jina ambalo linaniuma kila nikilisikia, maana ndizo shule zilizotusomesha wengi wetu. Basi siku mtoto wa kayumba akirudi nyumbani na kusema, “Mama, leo tumefundishwa na mzungu,” mama yule anaona mlango umefunguka. Simlaumu hata kidogo.

Lakini tuingie naye darasani tuone.

Nilipata nafasi ya kukaa dawati la nyuma katika darasa la nne la shule moja ya kijijini, njia ya kwenda Marangu. Mgeni alikuwa binti mchangamfu, mwenye sauti nzuri, na aliyewapenda watoto waziwazi. Alianza na ule wimbo wa viungo vya mwili, wa kugusa kichwa, mabega, magoti na vidole vya miguu. Darasa zima likasimama. Vumbi likatimka, madawati yakatikisika, watoto wakaimba bila kukosea hata neno moja. Kisha akamwita mvulana mmoja mbele, akashika goti lake mwenyewe, akamuuliza kwa Kiingereza hiki ni nini. Mtoto akanyamaza. Akamuuliza tena, taratibu. Ndipo mtoto akaanza kuimba kwa sauti ya chini, akagusa kichwa, akashuka mabegani, akashuka tena, mpaka alipofika gotini akalitamka neno. Alikuwa ameushika wimbo wote, ila hakuweza kulichomoa neno moja humo akalitumia.

Kipindi kilipoisha nilimwomba msichana aliyekaa jirani yangu anionyeshe daftari lake. Lilikuwa limefunikwa kwa gazeti, safi, mwandiko wa kupendeza. Februari alikuwa amechora mtu na kuandika viungo vya mwili, na pembeni kuna nyota ya kalamu nyekundu. Julai, mtu yule yule, viungo vile vile, na uso unaocheka wa kalamu ya kijani. Septemba tena, na safari hii sifa imeandikwa kwa maneno. Wageni watatu walipita mwaka ule, na kila mmoja alianzia mwanzo, kwa sababu hakuna aliyemwambia aliyemfuata alikuwa amefikia wapi. Mwalimu wa somo alikuwa amesimama mlangoni kipindi kizima, mikono nyuma. Azimio lake la kazi lilikuwa ofisini, limeandikwa wiki kwa wiki, na kwa wiki ile alipaswa kuwa kwenye wakati uliopita. Hakuna aliyemuuliza.

Nilizungumza naye baadaye chini ya mti wa kengele, ile ringi ya gari inayogongwa kwa nondo. Hakuwa na kinyongo na binti yule. Alimsifu. Lakini nilivyomsikiliza niliona ni mambo mangapi anayajua ambayo mgeni hawezi kuyajua kwa wiki tatu za kukaa kwake. Anajua kwamba mtoto akiandika Kiingereza akamwita baba yake “she”, hajachanganyikiwa: katika lugha yake baba ni yeye na mama ni yeye, na halijawahi kuleta shida. Anajua kwa nini mtoto anatamka kila herufi anayoiona, hata zile ambazo Mwingereza anazipita kimya. Kiswahili kimemzoesha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachosemwa. Anajua nani anazungumza Kichaga nyumbani na nani familia yake imehamia kutoka Umasaini. Anajua nani amekuja bila kunywa hata uji. Kwa hiyo mwalimu huyu ana nusu kubwa ya kazi mkononi. Kinachompungukia alikitaja mwenyewe, tena bila kuulizwa: hana mtu wa kuzungumza naye Kiingereza.

Naomba tulitazame hili kwa makini, maana ndilo kiini. Alikisoma Kiingereza kwa mwalimu ambaye naye alikisoma kwa mtu aliyekisoma vivyo hivyo. Chuo cha ualimu akapata cheti, akapangiwa kijijini, na tangu siku hiyo Kiingereza chake chote kinaishi ndani ya kipindi cha dakika 40, mbele ya watoto wasioweza kumrekebisha wala kumjibu. Redio yake inasema Kiswahili. Ibada ni Kiswahili, kikao cha wazazi ni Kiswahili, waraka unaotoka halmashauri ni Kiswahili. Lugha isiyosemwa inakauka mdomoni. Basi anaegemea ubao: anaandika, watoto wananakili, anasahihisha. Anajihadhari na swali la ghafla. Anaruka zoezi la mazungumzo lililo kitabuni kwa sababu hana uhakika na matamshi. Kwa miaka mingi Kiingereza kimekuwa miongoni mwa masomo yanayotuangusha katika mtihani wa darasa la saba, na sehemu ya chanzo ipo hapo, kwa mtu mzima hodari aliyeachwa peke yake na lugha ya kigeni.

Hapo ndipo mgeni ana kitu cha kutoa. Hana uzoefu wa kufundisha watoto 80, na kwa kawaida hana cheti cha ualimu. Alichonacho ni lugha yenyewe, amezaliwa nayo au ameizoea tangu utotoni. Muweke saa moja na walimu wawili baada ya vipindi, chai ikiwepo, kitabu cha darasa la tano kikiwa katikati. Wasome kwa sauti habari itakayofundishwa kesho. Mwalimu asome, mgeni asikilize, wasimame kwenye neno gumu, walirudie. Wajaribu maswali ya kuwauliza watoto. Warekodi kwa simu ili mwalimu akasikilize nyumbani. Halafu kesho waingie darasani wote wawili, mwalimu akiwa ndiye mwenye kipindi, na wazungumze mbele ya watoto: mmoja anauza nyanya, mwingine ananunua, mmoja anauliza njia ya kwenda zahanati, mwingine anamwelekeza. Watoto wengi wa shule hizi hawajawahi kuona watu wazima wawili wakizungumza Kiingereza ana kwa ana. Wanakijua kama kitu cha ubaoni. Siku watakapomwona mwalimu wao, yule yule wa kila siku, akitaniana na mgeni kwa lugha hiyo na kueleweka, wataamini kuwa inawezekana na kwao.

Fanya hesabu ndogo. Mwalimu aliyebakiza miaka 15 kabla ya kustaafu, akifundisha watoto 80 wapya kila mwaka, atapitiwa na watoto 1,200. Mgeni aliyemwimbisha nyimbo atakuwa amewagusa 80 kwa wiki tatu. Aliyekaa na mwalimu yule atakuwa amewafikia hao 1,200, ingawa wengi wao hawatamwona kamwe.

Na wala si jambo la kubuni. Kule Usambara nilikutana na mama mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi Uingereza, amekuja kwa muhula mzima. Wiki za kwanza alikataa kupewa darasa. Alikaa nyuma na daftari, akaandika maneno ya Kiswahili, akauliza watoto wanaitaje kifutio na kichongeo. Walimu walikuwa wakimwamkia, “Shikamoo Bibi,” naye akajifunza kuitikia marahaba bila kusita. Mchana walimu walikaa naye ofisini. Mmoja wao, mzee aliyekaribia kustaafu, alikuwa hajawahi kufungua kinywa kwa Kiingereza mbele ya wenzake kwa kuogopa kuchekwa. Siku nilipokuwepo alisoma ukurasa mzima. Alikwama mara kadhaa, akarudia, akamaliza, na wenzake wakampigia makofi ya kweli. Bibi hakumkatiza hata mara moja. Alisubiri mpaka mwisho, akamwomba arudie maneno matatu tu. Busara ya kuchagua matatu na kuyaacha mengine imetoka kwenye miaka yake ya darasani, na ndiyo maana mimi nikiulizwa kati ya kijana wa miaka 19 na mwalimu mstaafu nani aje, nitasema mstaafu aje kwanza.

Tena serikali yetu imeshaandaa mahali pa kumkalisha. Kuna mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu wanauita MEWAKA, unaowataka walimu wa shule moja wakutane mara kwa mara, wajadili somo linalowasumbua na wasaidiane. Taasisi ya Elimu Tanzania imeusimamia. Vikao hivyo vipo kwenye ratiba. Mwalimu wa taaluma anaweza kumweka mgeni humo kesho asubuhi bila kuomba kibali kipya na bila kununua chochote.

Turudi nyuma kidogo kwenye historia. Shirika la kujitolea la Waingereza, VSO, lilianza mwaka 1958. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy akaanzisha Peace Corps ya Marekani, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake, pamoja na Ghana. Ghana ilipokea walimu. Waliokuja Tanganyika walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa sababu nchi iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru ilitaka barabara na ilisema hivyo. Mwenyeji alitaja upungufu wake, na mgeni akatafutwa kulingana nao. Leo shule ya msingi ya kijijini inapata ujumbe wa simu kuwa wageni wanne wanakuja Jumatatu. Mara nyingine wanaingia Juni, shule zikiwa zimefungwa, kwa sababu likizo ya vyuo vya kwao ndiyo iliyopanga safari, na watoto wanaitwa kutoka nyumbani ili wageni wapate wa kufundisha. Hilo halifai. Kalenda ya shule ndiyo iongoze.

Muda nao una uzito wake. Kujitolea Peace Corps ni miaka 2, na kabla ya kuanza kazi mtu anapitia miezi ya mafunzo, akiishi na familia na kujifunza Kiswahili. Wengi wetu tuliosoma sekondari tunamkumbuka mmoja wao aliyetufundisha fizikia au hesabu. Mwaka 2020, mwezi Machi, korona ilipoanza kutanda, shirika hilo liliwarudisha nyumbani watu wake wote duniani, takriban 7,000, katika siku chache. Sikulaumu uamuzi ule. Lakini hata wale wa miaka 2, wenye mafunzo na Kiswahili, waliondoka ghafla. Shule zetu zilipofunguliwa baada ya miezi kadhaa, aliyefungua mlango wa darasa ni mwalimu Mtanzania.

Na wapo waliobaki. Barbro Johansson, mwalimu kutoka Sweden, alifika Bukoba mwaka 1946 na misheni. Alijifunza lugha, akafundisha wasichana katika shule ya Kashasha, akawa mbunge, akachukua uraia wetu, kisha akaiongoza Shule ya Wasichana Tabora. Watu wakamwita Mama Barbro. Simwambii kila kijana anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA awe kama yeye. Namtaja kwa sababu alianza kwa kujifunza, na hilo hata mwenye miezi mitatu analiweza.

Hebu tazama pia wenzetu wanavyompokea kijana wetu anayekwenda kwao. Marekani ina mpango chini ya ufadhili wa Fulbright unaochukua vijana walimu, wakiwemo Watanzania na Wakenya, kwenda kusaidia kufundisha Kiswahili vyuo vikuu kwa mwaka mmoja wa masomo, kama miezi 9. Kijana wetu anakwenda na shahada yake, na Kiswahili ni lugha yake. Hata hivyo anapokelewa kama msaidizi wa kufundisha, na yeye mwenyewe anachukua masomo pale chuoni. Ujerumani nayo ilianzisha mpango wa weltwärts mwaka 2008 kuwatuma vijana wa miaka 18 hadi 28 nje, na baadaye, kuanzia 2013, ukawa unapokea vijana kutoka kwetu pia. Kijana wa Kitanzania akipelekwa shule ya chekechea ya Kijerumani hakabidhiwi watoto peke yake. Anakaa na walezi wenyeji, anajifunza lugha, anasaidia. Nasi tunaweza kumpokea mtoto wao kwa utaratibu huo huo, na hatakasirika. Wengi nimewasikia wakisema siku ya kwanza waliogopa walipoachwa peke yao na darasa.

Kuhusu usalama wa watoto nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapana mjadala. Kule Uingereza mtu hawezi kufanya kazi na watoto wa shule mara kwa mara bila rekodi yake ya uhalifu kuangaliwa. Kwetu tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mgeni wa kujitolea anatakiwa awe na kibali chake halali cha ukaazi. Mwalimu mkuu aombe karatasi ya polisi wa nchi anakotoka mgeni, aione kabla mgeni hajafika, na picha za watoto zisipigwe wala kurushwa mtandaoni bila mzazi kuridhia. Mgeni mwema hataona vibaya kuombwa kwetu kile anachoombwa kwao.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika shule hizo hizo kuna mwalimu mwingine wa kujitolea. Ni kijana Mtanzania, ana stashahada au shahada ya ualimu, amesubiri ajira miaka, na badala ya kukaa nyumbani ameomba kufundisha bure. Wazazi wanachanga kidogo, anapata nauli ya bodaboda na pengine sabuni. Anafundisha vipindi vingi kama mwajiriwa. Bungeni Dodoma suala la kuwapa hawa kipaumbele kwenye ajira limeulizwa zaidi ya mara moja, na linastahili kuulizwa tena. Nimeona shule ambako mgeni akifika, vipindi vya Kiingereza anavyonyang'anywa mtu ni vya kijana huyu, kwa kuwa hana cheo cha kulalamika. Anakwenda kukaa ofisini kwa wiki tatu, halafu anaitwa kuendelea pale alipoachia.

Huyu ndiye wa kwanza wa kuunganishwa na mgeni. Umri wao unakaribiana. Wote wamejitolea. Mmoja ana lugha, mwingine ana ualimu, Kiswahili na majina ya watoto wote. Wakipanga somo pamoja kwa mwezi mmoja, kijana wetu ataingia kwenye usaili wa ajira akiwa na Kiingereza kilichofunguka, na mwenzake atarudi kwao akijua kazi ya ualimu ilivyo.

Na kuna suala la pesa, ambalo kamati za shule zimeliogopa bila sababu. Mgeni amelipa ada kwa kampuni, dola mia kadhaa kwa wengine, elfu kadhaa kwa wengine. Mara nyingi shule inayompokea inaambulia boksi la kalamu na mpira. Mwenyekiti wa kamati ya shule, unayenisikiliza hapo ulipo: kampuni ikija kuomba nafasi ya wageni wa Julai, mwalimu mkuu na afisa elimu kata wakiwepo, uliza ada ni kiasi gani na shule inapata nini. Omba sehemu yake iandikwe kwenye makubaliano kila mwezi, ipite kwenye akaunti ya shule, isomwe kwenye mkutano wa wazazi, na iwe posho ya yule kijana wa kujitolea. Kampuni ikikataa, iambie nafasi haipo. Ipo kampuni nyingine itakayokubali, kwa sababu bila darasa lako haina cha kuuza.